Rangi Zilizopita Langoni

Jumatatu jumba la picha halifunguliwi kwa wageni, na ndiyo siku ambayo Kidole aliipenda kuliko zote. Aliingia asubuhi na ndoo, kitambaa kikavu na brashi laini ya kufutia vumbi kwenye fremu. Akavua viatu mlangoni, maana sakafu ile ya mbao hulalamika ikikanyagwa na visigino, kisha akafungua madirisha ya chumba kikubwa, kilichofungwa tangu Ijumaa kwa maandalizi, moja baada ya jingine. Alipomaliza la mwisho aligeuka, akaona kwamba ile picha ya mlima haina rangi.

Picha yenyewe ilikuwepo. Turubai lilikuwepo, fremu nzito ilikuwepo, na kibao kipya cha shaba kilichofungwa chini yake Ijumaa kilimetameta kama jino la bandia. Hata matuta ya rangi nzito yalikuwepo, kila bonge na kila mkwaruzo mahali pake: mgongo wa mlima, mikunjo ya mto, ule mti mmoja uliosimama peke yake pembeni. Ila vyote vilikuwa vyeupe, weupe wa ukuta uliopigwa lipu ukasahauliwa. Kidole aliweka ndoo chini. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Jumamosi ijayo wageni waalikwa wangekuja kuitazama.

Jina la Kidole alipewa utotoni, kwa sababu hakikupita kitu mbele yake asikiguse: sufuria iliyotoka motoni, ndevu za wageni, keki za harusi za watu. Alipokua akawa msimamizi wa nyumba yenye maandishi ya "Usiguse" kwenye kila ukuta, na waliomjua tangu zamani walicheka mpaka wakachoka. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, Mchoraji, ambaye jina lake liliandikwa juu ya lango kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Alipofariki, bodi ilimkabidhi binti funguo.

Kwa kweli picha nyingi za Mchoraji zilikuwa za mameneja na wakurugenzi, watu waliokaa vizuri, suti zimenyooka, nyuso hazina neno. Picha ya mlima ndiyo iliyompa jina. Mbingu yake ilikuwa kijani, kijani cha chupa. Mlima ulikuwa wa buluu iliyoiva, karibu na zambarau. Mto ulikuwa manjano, mti ulikuwa mwekundu, na rangi zote zilipakwa nene, zimechanganywa na mchanga, hata ungeweza kukuna mgongo nazo. Watu walitoka mbali kuja kuitazama. Wengine walitokwa na machozi bila kujua wanalia nini, wakajifuta, wakaenda kunywa chai. Mchoraji aliipa jina la "Alfajiri ya Matumaini."

Kidole alitoka hadi langoni, akamkuta mlinzi anapangusa redio yake.

"Mzee, kuna mtu aliingia chumba kikubwa tangu Ijumaa?"

"Hakuna mtu."

"Rangi za ile picha ya mlima hazipo."

"Ahaa, hizo zilitoka Ijumaa jioni, tulipokuwa tunafunga," mlinzi akasema. "Buluu ilitangulia, imeinama kidogo kwa sababu ya kizingiti. Manjano ikaja nyuma, chini chini. Kijani sikuiona vizuri. Nyekundu ilitoka mwisho, tena haikumsalimia mtu."

"Na wewe hukuzizuia?"

"Dada, mimi niliambiwa nikague mikoba ya wafanyakazi. Zile hazikuwa na mkoba."

Kidole akatafakari, akaona hana la kumlaumu. Akamuuliza zilielekea wapi. Mlinzi alionyesha kwa kidevu, upande wa chini, kwenye nyumba za mafundi.

Alirudi chumbani, akasimama mbele ya picha. Tangu akabidhiwe zile funguo hakuwahi kuigusa hata mara moja, maana rangi zenyewe zilimkodolea macho. Sasa hazikuwepo. Akatazama huku na huku kama mtoto mbele ya bakuli la sukari, akafumba macho, akauweka mkono juu ya mlima.

Mapigo ya rangi yalianza mazito upande wa kulia, yakapungua na kuisha upande wa kushoto. Alijaribu mtoni, hali ni hiyo hiyo. Alijaribu mbinguni, hali ni hiyo hiyo. Baba yake alitumia mkono wa kulia kwa kila kitu, kuanzia kupaka rangi hadi kuzaba kofi, na rangi aliipaka nyembamba kama anapaka siagi ya kuazima. Kidole akafumbua macho. Akapiga hatua hadi ukutani, akapitisha kiganja kwenye lipu. Nzito kulia, nyepesi kushoto.

Kuta za jumba lile zilipigwa lipu na shangazi yake, dada wa Mchoraji. Alikuwa fundi wa lipu, tena wa mkono wa kushoto, na kila mwenye nyumba pale mjini alimtaka yeye. Shangazi alikuwa na tabia moja. Kila ukuta alioumaliza, kabla haujakauka, aliubandika kiganja kwenye kona ya chini, akakiondoa taratibu, akachukua karai lake akaenda zake. Kidole alipokuwa mdogo alizunguka nyumba nzima akiupima mkono wake ndani ya zile alama, akisubiri siku utakapoenea.

Alichukua bisibisi, akalegeza fremu kwenye kona ya chini. Ndani, pale ambapo mbao zilifunika turubai, kulikuwa na alama ya kiganja. Akaweka cha kwake. Kilienea.

"Aa," akasema.

Hakushtuka. Alijiona kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta funguo, halafu akakumbuka ni za nyumba ya nani.

Shangazi aliishi vyumba viwili, na mlango wake ulikuwa wazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila angalia hapo usikanyage, kuna manjano."

Manjano ilikuwa imetulia ndani ya karai la kukandia lipu, na nyingine kidogo imemwagikia sakafuni. Kijani ilikuwa kwenye kioo cha dirisha. Buluu ilijilaza kitandani juu ya blanketi, imeinuka katikati kana kwamba kuna mtu amekunja magoti, ingawa kitandani hapakuwa na mtu. Nyekundu ilisimama kwenye pembe karibu na miiko ya kupigia lipu, ikitoa joto kiasi cha kukaushia soksi. Shangazi alikuwa kitini anajichua magoti kwa dawa.

"Nilisikia mlango Ijumaa," akasema, "nikadhani ni wewe, maana ndiwe pekee usiyebisha hodi."

"Kwa nini zimekuja kwako?"

Shangazi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Umegusa?"

"Nimegusa."

"Basi unaniuliza nini?"

Kidole alivuta kigoda akaketi. Angeweza kuanza na swali kubwa, lile alilokuja nalo njia nzima, lakini udadisi ulimzidi nguvu, kama kawaida yake.

"Nataka kujua kwa nini mto ni manjano."

"Kile kitabu chenu cha jumba kinasemaje?"

"Kinasema manjano ni utajiri wa kesho. Baba alisema hivyo redioni."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akacheka kidogo tena. Kisha akafunga kopo la dawa.

"Mama yetu alipougua, macho yake yaligeuka manjano wiki ile ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Alipoondoka sikujua yale macho niyaweke wapi, yalinifuata kila mahali, hata kazini. Nikayaweka mtoni. Mto unakwenda."

"Na mbingu?"

"Dirishani kulikuwa na chupa yake ya dawa, ya kijani. Nilikuwa nimekaa sakafuni, kwa hiyo mbingu yote niliiona kupitia humo. Mlima ni magoti yake chini ya blanketi. Nje kulikuwa na mlima kweli, usidhani nakudanganya, lakini mimi sikuuona ulivyo. Niliuona nilivyokuwa mimi. Na haikuwa alfajiri. Ilikuwa mchana, baada ya chakula ambacho hakuna aliyekila."

Kidole akaitazama buluu pale kitandani. Sasa alipojua, hakuelewa iliwezekanaje wasione magoti, wataalamu wote wale na miwani yao.

"Na mti mwekundu?"

"Huo ni mimi. Nilikuwa na hasira."

"Na baba alikuwa wapi?"

"Mjini, anamchora meneja wa benki."

Yaliyobaki Shangazi aliyasimulia huku anatafuta viatu vyake chini ya kitanda, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Rangi alizipata kwenye makopo ya kaka yake, mchanga aliuchekecha mwenyewe, na picha yote aliipaka kwa mwiko wa lipu kwa sababu brashi alizijaribu zikamchosha. Chama cha wachoraji kiliandaa maonyesho, na chama hakikupokea kazi ya mtu asiye mwanachama, seuze fundi wa lipu mwenye kanga yenye chokaa. Kaka yake akasema, "Nitie saini mimi kwanza, mambo yakikaa sawa tutabadilisha." Picha ikashinda. Mambo yakakaa sawa sana, na hayakubadilishwa.

"Hakuwa mtu mbaya baba yako," akasema. "Kila sikukuu alinitumia kitambaa cha gauni. Alinipa na kazi ya kupiga lipu lile jumba, akanilipa vizuri. Ila chumba kikubwa hakuingia nami hata siku moja, hata kabla picha haijatundikwa humo. Akiniona naingia, anakumbuka ana simu ya kupiga."

"Shangazi, unataka nini?"

Shangazi alikipata kiatu kimoja, akakishika mkononi.

"Nataka jina langu liwe pale chini. Herufi ndogo tu, sina makuu. Nimeshapiga kuta za mji huu wote, na kila ukuta una mkono wangu kwenye kona. Ule mmoja tu ndio wameufunika."

Kidole alisema atalishughulikia, na alilisema kwa moyo wake wote.

Mwenyekiti wa bodi alifika Jumanne. Alikuwa rafiki wa marehemu, mzee wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alisimama mbele ya picha nyeupe, mikono nyuma, akaikagua kama anakagua shati lililotoka kwa dobi.

"Hii ndiyo iliyo kwenye kadi za mwaliko," akasema. "Rangi zinarudi lini?"

Kidole akamweleza yote, kuanzia kiganja hadi blanketi. Alieleza akiwa amesimama wima. Mwenyekiti alimsikiliza kama anayesikiliza habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Nilikuwa najua," akasema Kidole alipomaliza. "Baba yako aliniambia alipokuwa anaumwa. Alitaka tubadilishe kibao. Nikamwambia apumzike."

"Halafu ukaagiza kipya, chenye jina lile lile."

"Kile cha zamani kilikuwa kimechakaa." Akatoa leso, akafuta alama ya kidole kwenye shaba. "Mlete shangazi yako."

Jumatano Shangazi alikuja kwa miguu, na fimbo, amevaa gauni lake la kutokea. Rangi zilimfuata barabarani. Watu walizipisha, mwendesha baiskeli mmoja akaipigia buluu kengele, ikasogea kando. Langoni mlinzi alimwamkia Shangazi, akafungua milango yote miwili ili buluu isilazimike kuinama tena. Chumbani kijani ilipanda kwanza, ikatandaa juu. Buluu ikajivuta polepole hadi mahali pake, ikashuka na kutulia kwenye matuta yake kama mtu anayeingia kwenye kiti anachokijua. Manjano ilijaza mto kutoka kulia kwenda kushoto. Nyekundu ilisubiri. Kidole alipoleta kiti na Shangazi akaketi, ndipo ikaenda kuwa mti.

Shangazi aliitazama kazi yake. Hakuwa ameiona tangu ilipotoka nyumbani imefungwa shuka. Akatoa miwani, akaivaa.

"Pale juu nilipakimbiza," akasema. "Pangehitaji mkono wa pili."

"Vizuri sana," Mwenyekiti akasema. "Basi aje kila siku."

"Na jina?" Kidole akauliza.

"Binti, jina la baba yako liko juu ya lango. Liko kwenye vitabu vya shule. Liko kwenye barua yako ya kazi. Ukianza kulibandua, hujui utaishia kubandua nini. Tupitishe Jumamosi kwanza, mambo yakikaa sawa tutalitazama."

"Hiyo nimeshaisikia," Shangazi akasema, akijiweka vizuri kitini. "Ila ilikuwa na sauti ya kaka yangu."

Angeweza kuinuka akaenda zake, na rangi zote nyuma yake, na Kidole kwa siri aliombea iwe hivyo, maana ingemwondolea kazi ya kusema. Lakini Shangazi hakuinuka. Alikuwa amekaa miaka mingi bila kuuona ule mlima mzima, na sasa alikuwa anautazama. Aliomba tu kiti chenye mgongo.

Wakazoea upesi. Shangazi alipokwenda msalani manjano ilianza kuchuruzika kwenye fremu, kwa hiyo chai wakamletea kidogo kidogo. Mfanyakazi lazima awe na beji, na beji ikatengenezwa. Juu iliandikwa jina la jumba, yaani jina la kaka yake. Chini, kwa sababu Mwenyekiti alisema wasijaze maneno, iliandikwa MHUDUMU.

Siku zilizobaki Kidole aliitunga sentensi yake. Aliisema bafuni, mbele ya kioo, na kwenye ngazi: "Picha hii ilichorwa na shangazi yangu, ndiye yule pale." Ilikuwa sentensi fupi, haina kona. Kufika Ijumaa alikuwa anaisema bila kumeza mate.

Jumamosi chumba kilijaa. Kulikuwa na glasi za juisi, viatu vilivyong'arishwa, na wageni waliokuwa wakisogea karibu na picha, wanarudi nyuma, wanainamisha vichwa. Mgeni mmoja, mama mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio, alisimama muda mrefu kuliko wenzake. Kisha akageuka.

"Wewe ndiye binti yake?" akauliza. "Hebu niambie, hii manjano. Aliitoa wapi?"

Watu wakasogea kusikiliza. Mwenyekiti alikuwa karibu na dirisha, anazungusha glasi yake. Kidole alimtazama Shangazi pale kitini. Shangazi hakumwomba kwa macho wala hakumtisha. Alimtazama kwa udadisi, vile fundi anavyoitazama lipu aliyoirusha ukutani sasa hivi, aone kama itashika.

Kidole akafungua mdomo. Sentensi ilikuwepo, aliihisi kwenye ulimi. Nyuma yake kulikuwa na funguo, na lango, na barua ya kazi, na baba yake anayetabasamu kwenye kitabu cha shule.

"Marehemu baba aliiona alfajiri moja," akasema. "Manjano ni utajiri wa kesho."

Wakapiga makofi. Mama mwenye kalamu aliandika, ingawa aliitazama picha mara nyingine kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Ule mti mwekundu ulikolea kidogo, na waliokuwa karibu nao walilegeza kola. Shangazi aliinamisha kichwa, akakitazama kiganja chake cha kushoto, akakikunja.

Kidole aliona aibu. Haikuwa ya kupita. Iliingia ikakaa, na mpaka leo anaamka nayo.

Wageni walipoondoka alichuchumaa karibu na kile kiti.

"Shangazi, nisamehe."

"Haikushika," Shangazi akasema, kwa sauti ya fundi tu, hana hasira wala hana huruma. "Utarudia?"

"Nitarudia."

"Haya. Nisaidie kuinuka."

Tangu hapo wageni wengi wameuliza kuhusu manjano, na Kidole amewajibu wote jibu lile lile. Siku hizi kitabu cha jumba kina ukurasa mpya unaosifu namna rangi zilivyohifadhiwa. Picha inapendeza kuliko zamani, kila mtu anasema hivyo, hasa asubuhi Shangazi akiwa hajachoka. Mara chache, chumba kikiwa kitupu, Kidole huweka mkono wake juu ya mlima, na Shangazi humwambia asogee kushoto kidogo, pale kwenye goti, ndipo palipomsumbua kukamilisha.

Jioni kengele ya kufunga ikilia, Shangazi huvaa viatu vya kutembelea, huchukua fimbo, na kushuka ngazi. Nyuma yake mlima hulainika, hujitoa ukutani na kumfuata. Buluu huinama kwenye kizingiti. Manjano hujikokota kwenye pindo la gauni lake. Kijani hupita juu juu, na nyekundu huwa ya mwisho. Langoni wote husimama, kwa sababu mlinzi husimama.

"Fungua mkoba, mama," mlinzi husema, kwa heshima, maana ni mtu wa heshima.

Shangazi hufungua. Ndani huwa na miwani, chupa ya maji na kopo la dawa ya magoti. Mlinzi huingiza mkono hadi chini kabisa na kupapasa pembe zote, kwa sababu sheria ni sheria, na mfanyakazi haruhusiwi kutoka na mali ya jumba.

"Hakuna kitu," husema. "Pita."